Ugonjwa wa kila siku na msaada wa mara moja

(Maneno ya mtunza-feza wetu mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Baraka. Tumeyaandika namna alivyoyasema. Tumeondoa tu sehemu ya hesabu, ambayo kila mwanachama ameipata kwenye karatasi.)

  

Mwenyekiti amenipa nafasi kusudi niwasomee hesabu. Nitazisoma. Lakini naomba ruhusa nitangulize neno lingine, juu hesabu zenyewe zimenifundisha jambo ambalo sikuliona miaka yote niliyoshika daftari hili. Ni neno kuhusu wagonjwa wasiopona. Sisemi wanaokufa. Nasema wale wasiopona na wasiokufa: wanaamka na ugonjwa wao, wanakwenda nao shamba, wanarudi nao, wanalala nao. Tuko wengi humu ndani kuliko tunavyofikiri. Mimi ni mmoja wao.

Mnauona huu mkono wangu wa kushoto, ambao nimezoea kuuweka chini ya kitenge. Wengine mnafikiri nilianguka. Wengine, najua, mlisema nililishwa kitu kwenye harusi. Leo niwaambie ukweli wake.

Ugonjwa wangu niliujulia kambini Lugufu, kule Kigoma. Nilikwenda kupimwa mimba, muuguzi akafunga ile mpira kwenye mkono wangu, akapima mara mbili, akaniangalia usoni. Akasema presha iko juu. Mtoto alizaliwa salama, presha ikabaki. Kule tulisema presha. Hapa nyumbani wanasema tansio. Ni ugonjwa mmoja. Kambini nilipewa kadi, na kila mwezi siku yangu ikifika napanga mstari, napimwa, napewa vidonge. Sikulipa hata senti. Tuliteseka mengi kambini, kila mmoja anajua, lakini dawa ya kila mwezi ilikuwepo.

Mwaka 2008 tukapanda meli Kigoma, tukashuka hapa Baraka. Mbele ya safari nilipewa vidonge vya miezi miwili na karatasi ya kuonyesha kwa munganga. Vidonge vilipokwisha nikaenda kituo cha afya. Pale kuna makuta ya fishi, makuta ya kuonana na munganga, makuta ya dawa. Siwalaumu, wale nao wanaishi kwa makuta hayo. Lakini sisi tulikuwa tunalala chini ya shitingi, shamba letu tumelikuta na watu wengine, watoto wanatafuta shule. Na tansio haiumi. Nilisikia mwili wangu mzima kabisa. Nikahesabu makuta, nikachagua mabati.

Nyumba ilipata mabati. Mimi, siku moja asubuhi nikiwa nachimba muhogo, jembe likaanguka. Nikainama kuliokota, mkono haukufunga. Nikataka kuita, mdomo ukaenda upande. Mungu alinihurumia, mdomo ulirudi. Mkono, mnauona.

Nilipotoka hospitali nilielewa kitu kimoja ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia waziwazi. Vidonge vya tansio haviponyi. Vinashika. Ni kama mtu anayeshika mlango kusudi upepo usiufungue. Siku akiuachia, upepo uko palepale unangoja. Munganga alisema kipimo kikifika 140 kwa 90, na kikabaki huko kila ukipimwa, uko na tansio hata kama unacheza ngoma na kubeba maji. Kusikia vizuri si kupona.

Na tansio haiko peke yake. Kuna sukari. Kuna pumu. Kuna kifafa. Kuna watoto wetu wa SS, ambao damu yao inawatesa tangu kuzaliwa. Haya yote ni magonjwa ya kuishi nayo. Lakini ndugu zangu, katika yote haya mwili si ndio unaoumia peke yake. Niwaambie kinachotokea kati ya watu.

Tuanze na sahani. Munganga wa sukari anakuambia: punguza bugali, acha soda, acha chai ya sukari nyingi. Munganga wa tansio anakuambia: punguza chumvi, na ndagala waliokaushwa kwa chumvi usile kila siku. Vizuri. Sasa nenda kwenye matanga au harusi, ukae, uletewe Fanta, useme hapana. Nani atasema “huyu anatii dawa yake”? Katika nchi yetu hii, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia kwamba unamwogopa, kwamba unafikiri ameweka kitu ndani. Mwenyeji anakasirika. Jirani wanaangaliana. Ndiyo maana mgonjwa anakunywa Fanta yote huku anajua inamfanya nini, ama anaacha kabisa kwenda kwa watu. Wengi wanaacha kwenda. Halafu tunasema ana majivuno.

Tuje kwenye mwili. Sukari ikipanda inakausha mtu. Anakunywa maji usiku kucha, anakojoa usiku kucha, nguo zinamlegea. Watu hawaulizi sukari. Wanasema ni UKIMWI, bwana wake alileta, ama yeye alileta. Nyumba inavunjika juu ya ugonjwa ambao hauko hata ndani ya hiyo nyumba. Kama si UKIMWI, wanasema sumu, na sumu inatafutiwa mwenye nayo, na mwenye nayo anakuwa mke mwenza ama jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole. Tone hilo lingeokoa mgonjwa, na lingeokoa jirani pia.

Kwa mtoto jambo ni kali zaidi. Kuna sukari ya watoto, ambayo mwili unaacha kutengeneza insulini. Mtoto huyo bila sindano ya insulini hana miezi ya kungoja. Anaweza kwisha kwa muda mfupi sana. Insulini si dawa ya jana: ilianza kupewa wagonjwa kule Kanada mwaka 1922. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Mtoto wa Baraka akifa leo kwa sukari huku tukimzungusha kutoka chumba cha maombi kimoja hadi kingine, hatuwezi kusema dawa haijapatikana duniani. Mimi ni mtu wa kanisa, mnanijua. Naomba Mungu asubuhi na jioni. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe dawa kusudi aonyeshe imani, huyo anajaribu Mungu kwa maisha ya mtu mwingine.

Na kifafa. Mtu anaanguka karibu na moto, tunasimama mbali, tunasema mate yake yataambukiza. Hayaambukizi. Kifafa hakipiti kwa mate, hakipiti kwa kugusa. Makovu ya moto tunayoyaona kwa wagonjwa hawa si kazi ya kifafa peke yake. Ni kazi ya sisi tuliosimama tukiangalia. Mwondoe kwenye moto, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka arudi. Halafu mpeleke apate vidonge, juu viko.

Hayo ni ya watu wote. Sasa niseme ya kwetu, ya chama hiki, na ya kwangu mimi mwenyewe.

Katika daftari hili kuna jina limepigwa mstari mwekundu. Mstari ule niliupiga mimi. Alikuwa mama muuza mawese, tulirudi naye, alilipa mchango wake miaka sita bila kukosa. Kisha akapungua mwili, akaacha kuonekana sokoni, akaacha kulipa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sheria yetu mnaijua, tuliiandika wenyewe: miezi mitatu bila mchango, jina linafutwa. Sikwenda kwake kuuliza. Nilichukua rula na kalamu. Nilijisikia mtunza-feza mzuri, juu sikupendelea mtu.

Mwaka jana nikamkuta kando ya barabara, amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja. Alikuwa na sukari. Sukari ya muda mrefu inaua hisia za nyayo. Mwiba unaingia, mtu hasikii. Kidonda kinakuwa kikubwa, hasikii. Alipoona, mguu ulikuwa umeoza. Nilikosa neno, nikamwuliza kwa nini hakutuita. Akaniambia hivi, na nayasema kama alivyoyasema:

“Niliwaita namna gani, na sikukuwa na makuta ya mchango? Nilisikia haya. Mama, mi nililipa miaka sita. Kama ningekufa mwaka wa tano mungeninunulia sanduku, mungekuja na nguo moja, mungeimba. Sikufa. Nilibaki mgonjwa tu. Njo mukanifuta.”

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Nikasoma mfuko wetu wa kusaidiana tangu mwanzo. Tumesaidia misiba. Tumesaidia waliojifungua kwa kupasuliwa. Tumesaidia walioungua nyumba. Nakubali, ni kazi nzuri, na ninyi marafiki wa mbali mmetusaidia kuifanya. Lakini msaada wetu wote una sura moja: ni wa mara moja. Jambo linatokea, tunalia, tunachanga, tunatoa, tunafunga ukurasa. Ugonjwa wa kila siku hautokei siku moja. Hauna siku ya kulia. Hauna matanga. Kwa hiyo haumo kwenye sheria yetu, na mwenye nao anaanguka polepole katikati yetu mpaka anafika kwenye mambo tunayoyajua, yaani kukatwa mguu ama kuzikwa. Hapo njo tunaamka.

Na hesabu inasema hivi. Makuta tunayotoa kwa msiba mmoja yangeninunulia mimi vidonge vya tansio vya mwaka mzima, na chenji ingebaki. Tunalipa kifo kwa urahisi kuliko tunavyolipa kidonge.

Wenye virusi vya UKIMWI wametutangulia, tujifunze kwao. Miaka ya nyuma waliogopwa kuliko wote. Leo dawa zao zinatolewa bure, na za kifua kikuu pia, na ni haki yao, walipigania haki hiyo. Mwenye sukari na mwenye tansio bado ananunua. Lakini dawa ya bure si kitu pekee walichopata. Walipata kuwa pamoja. Kule Mozambique, mkoa wa Tete, mwaka 2008 walianza vikundi vidogo vya wagonjwa, watu mpaka sita. Kituo cha afya kiko mbali, nauli ni kubwa. Basi kila mwezi anakwenda mmoja, anaonana na munganga, anarudi na dawa za wote. Mwezi unaofuata anakwenda mwingine. Kila mtu anafika kwa munganga kwa zamu yake, na kila mwezi kuna watu watano wanaojua kama umemeza dawa ama hukumeza. Anayekosa kuonekana anafuatwa nyumbani. Hakuna aliyefutwa kwa rula.

Kwa hiyo naleta maombi manne mbele ya mkutano huu.

La kwanza. Tubadili ile sheria ya miezi mitatu. Mwanachama akikosa mchango, mbele ya kufuta jina, watu wawili wa komite waende nyumbani kwake wamwone kwa macho. Wakikuta ugonjwa, jina linabaki, na mchango wake unasimama mpaka apate nguvu.

La pili. Kila mwanachama aongeze franka 500 kwa mwezi kwa ajili ya dawa za kila mwezi. Mgonjwa asipewe makuta mkononi. Chama kipatane na kituo cha afya, mgonjwa apate vidonge, chama kilipe mwisho wa mwezi. Hapo hakuna wa kusema mgonjwa amenunua kitenge.

La tatu. Tuanze vikundi vya watu sita, mtaa kwa mtaa. Kila mtaa uwe na mtu mmoja aliyefundishwa na wauguzi kupima tansio. Mashine tutainunua mara moja, inakaa miaka. Kipimo cha sukari ni tofauti. Mashine yake ni ya bei ndogo, lakini kila kipimo kinakula kijikaratasi kimoja, na vijikaratasi vinakwisha. Ninyi wafadhili, nawaambia hili kwa heshima: mara nyingi mnatuletea mashine, mnapiga picha, mnarudi. Mashine bila vijikaratasi ni pambo la kabati. Mkituuliza tunataka nini, tunataka kidogo kisichokatika kuliko kingi cha siku moja.

La nne halihitaji makuta. Kwenye sherehe zetu na matanga yetu, maji ya kunywa yawekwe mezani sawasawa na Fanta, na mtu akichukua maji asiulizwe kitu. Na kwenye chungu chumvi ipungue. Wanganga wanasema mtu mzima asipitishe kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa siku nzima, katika vyakula vyote. Anayetaka zaidi ataongeza mwenyewe. Hapo mgonjwa atarudi kukaa na watu.

Niongeze neno la sisi watu wa huku, ambao tumejua kukimbia. Kila mmoja wetu ana siku yake ya kutoka mbio usiku. Tulibeba watoto, sufuria, godoro. Mwenye ugonjwa wa kila siku awe na mfuko mdogo karibu na mlango: vidonge, na karatasi iliyoandikwa jina la dawa na kipimo chake. Munganga wa mahali usipojulikana hataanza kubahatisha. Anayetumia insulini, chupa ambayo haijafunguliwa inataka baridi. Asiye na friji aiweke kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri, ndani ya chungu cha udongo chenye maji, mahali pa kivuli na upepo. Chungu kinapooza kuliko nyumba. Isiachwe juani, isisogezwe karibu na jiko. Na mwenye sukari, kila jioni aangalie nyayo zake, ama mtoto amwangalilie. Vaa viatu hata nyumbani.

Sisi si wanganga, nami sitaki kesho mtu aseme mtunza-feza alinibadilishia dawa. Usiache kidonge juu umesikia vizuri. Usigawane vidonge vyako na jirani juu mna ugonjwa wa jina moja. Kuanza, kuacha, kupunguza, hayo ni ya munganga. Ya kwetu ni kwamba mtu asikose nauli ya kumfikia, asikose makuta ya kidonge, na asisikie haya kutuambia.

Nimalize. Yule mama muuza mawese yuko hapa. Amekaa pale nyuma, karibu na mlango, juu njia ilikuwa ndefu kwa magongo yake. Mimi nilimwomba aje. Nimekwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake, sasa namwomba mbele yenu. Alinijibu kwamba msamaha ni wa bure, lakini angependa kurudi kwenye daftari. Mimi peke yangu sina nguvu ya kurudisha jina. Mkutano ndio wenye nguvu. Naomba murudishe jina lake, na ile miaka sita ihesabiwe.

Kama mtakubali, nitaliandika leo mbele ya kusoma hesabu. 

(Ombi la kwanza lilikubaliwa siku hiyohiyo kwa mikono yote, na jina likaandikwa. La nne lilianza na chakula cha mchana cha mkutano wenyewe. Ombi la pili na la tatu yamepewa komite, ambayo italeta majibu ya kituo cha afya kwenye mkutano unaokuja. Wanachama wenye ugonjwa wa kila siku wanaombwa kumwona mtunza-feza. Si lazima kusema mbele ya watu.)